Si Ununue Mwingine?

Mbwa akiugua Nairobi, swali la kwanza halitoki kwa daktari. Linatoka kwa jirani, kwa binamu, kwa jamaa wa duka, na mara nyingi linaulizwa bila ubaya wowote: si ununue mwingine? Au hata, si uokote mwingine, manake barabarani wamejaa. Ukitaja upasuaji, watu wanacheka. Ukitaja bei, kicheko kinakatika. Kila mtu ana shangazi anayesubiri kupasuliwa tangu mwaka juzi, na wewe ati unampeleka mbwa?

Ni swali la haki na sitalikwepa kwa kusema watu hawana huruma. Lakini limebeba madai mawili ya historia ambayo anayeuliza huwa hajayakagua. La kwanza ni kwamba kumuuguza mbwa ni mambo ya juzi, starehe ya Wazungu na watu wa mageti makubwa. La pili ni kwamba mbwa ni kama balbu: ikiungua, unafunga nyingine.

Mwaka wa 1914, vibarua waliokuwa wakichimba mawe Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la watu wawili, mwanamume na mwanamke. Pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mnyama. Mifupa hiyo ilikaa kwenye hifadhi miaka mingi ikidhaniwa ni ya mbwa mwitu, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo wataalamu walipoiangalia tena na kutambua kwamba ni mbwa wa kufugwa. Kaburi lenyewe lina umri wa miaka 14,000 na zaidi. Fikiria vizuri urefu huo. Hakukuwa na shamba wala ng'ombe wa kukama wala kuku. Watu walikuwa wakiwinda na kuhamahama, na tayari kulikuwa na mbwa ambaye mtu aliona heri azikwe nao.

Mwaka wa 2018 Luc Janssens, daktari wa mifugo aliyegeukia akiolojia, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa meno ya mnyama huyo. Jino linapoota huweka kumbukumbu: mtoto akiugua sana, ganda gumu la jino hupata mistari na mashimo, na mistari hiyo haifutiki tena. Meno ya Oberkassel yalionyesha kijibwa aliyekufa akiwa na miezi saba hivi, na ambaye tangu wiki ya 19 alikuwa ameshikwa na ugonjwa uliomrudia kwa vipindi, wiki tano au sita. Dalili hizo zinalingana na distempa.

Kama umewahi kuona mbwa mwenye distempa, huna haja ya kuelezwa. Homa, makamasi, kutapika, kuhara, mwili unaisha mbele ya macho yako, halafu ugonjwa unapanda kichwani na degedege zinaanza. Kijibwa asiyesaidiwa kwa kawaida hafiki wiki ya tatu. Huyu alifika, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Hitimisho la watafiti ni kwamba kuna mtu aliyekuwa akimpa joto, akimsafisha, akimpa maji na labda kumlisha. Na wanaongeza jambo ambalo ndilo linanishika mimi: katika wiki hizo zote kijibwa hakuwa na kazi. Hangeweza kuwinda wala kulinda. Hata angepona, hakuna aliyemjua bado kama mwindaji hodari. Dawa haikuwepo. Kulikuwa na mikono ya mtu tu.

Kwa hivyo dai la kwanza tuliweke kando. Kumuuguza mbwa kumetangulia kilimo.

Kilichochelewa ni daktari. Shule ya kwanza ya kufundisha madaktari wa mifugo ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1761, na Claude Bourgelat, ambaye alikuwa mtu wa farasi. Serikali ilimkubalia kwa sababu kubwa moja: sotoka ilikuwa ikimaliza ng'ombe. Fani nzima ilizaliwa ikiangalia mali. Farasi aliyebeba jeshi, ng'ombe aliyebeba uchumi. Mbwa aliingia kwa mlango wa nyuma, na kwa muda mrefu daktari aliyeshughulika na mbwa alionekana kama mtu aliyeshindwa na farasi. Mambo yalianza kubadilika karne ya 20, gari lilipomfukuza farasi barabarani na madaktari wakabaki wakitafuta wagonjwa wengine.

Kenya ilirithi mpangilio huo huo. Sotoka ilipofika Afrika Mashariki miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe kiasi kwamba Wamaasai bado wana jina la kipindi kile, Emutai, yaani maangamizi. Maabara ya Kabete ilipofunguliwa mwaka wa 1910, kazi yake ilikuwa magonjwa ya ng'ombe, kondoo na farasi wa walowezi. Mbwa wa Nairobi alipata nafasi kwenye kumbukumbu rasmi mwaka wa 1912, na si kama mgonjwa bali kama mshukiwa: ndipo kichaa cha mbwa kilipothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, kwa mbwa wa viungani mwa mji huu. Tangu hapo serikali imemjua mbwa hasa kama hatari. Na raia naye alimjua kama kibao cha getini, MBWA KALI, ambacho kilikuwa kikimwambia Mwafrika asimame pale pale. (Sarufi inataka mbwa mkali, lakini hakuna fundi wa vibao aliyewahi kujali, na kusema kweli mbwa kali anatisha zaidi.) Ndiyo maana ukimpenda mbwa hapa unaambiwa umekuwa Mzungu. Watu wanasahau kwamba Waokiek walikuwa wakiwinda na mbwa misituni kabla geti la kwanza halijajengwa Muthaiga, na kwamba Kiswahili kina methali isemayo mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Turudi kidogo kwa distempa, manake ina ukoo. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya sotoka na vya surua, ile tunayoita ukambi. Ndugu watatu: mmoja wa ng'ombe, mmoja wa watoto, mmoja wa mbwa. Miaka ya 1920 jarida la wawindaji la Uingereza, The Field, lilichangisha pesa za kutafuta chanjo ya distempa, na watafiti Patrick Laidlaw na George Dunkin wakagundua kwamba ferreti, mnyama mdogo mwembamba wa ukoo wa kicheche, hushikwa na ugonjwa huo pia, kwa hivyo wangeweza kuuchunguza kwake. Mwaka wa 1933 ufugaji huo wa ferreti ndio uliosaidia kunasa virusi vya mafua ya binadamu. Pesa zilichangwa kwa ajili ya mbwa wa matajiri, mafua ya kila mtu yakafunguka. Sotoka nayo ilipata kiboko chake hapa kwetu, Muguga, ambako Walter Plowright alitengeneza chanjo iliyokuja kuifuta duniani. Mgonjwa wa mwisho wa sotoka kuthibitishwa alikuwa nyati, Mbuga ya Meru, mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 dunia ikatangazwa huru. Ndugu wa mbwa bado yupo. Mwaka wa 1994 distempa iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba, ikavuka hadi Maasai Mara. Njia ya kuwakinga simba ikawa pia kuwachanja mbwa wa vijijini, wale ambao hakuna mtu angewaza kuwapeleka kwa daktari.

Sasa tufike kwenye meza ya upasuaji, na hapa historia inakuwa nzito.

Mbwa alilala kwenye meza hiyo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kumlaza kwa faida yake mwenyewe. Alichaguliwa kwa sababu nyepesi: ana moyo na mishipa inayofanana vya kutosha na yetu, ni mpole, na mitaani wamejaa. Ndiyo, sababu ile ile ya jamaa wa duka.

Februari 1903, kwenye ukumbi wa University College, London, William Bayliss alimpasua mbwa mmoja mdogo wa rangi ya kahawia mbele ya wanafunzi wa udaktari. Bayliss hakuwa mchinjaji. Mwaka mmoja kabla, yeye na shemeji yake Ernest Starling walikuwa wamegundua, kwa kutumia mbwa, kwamba utumbo hutuma ujumbe kwa kongosho kupitia damu, na kutokana na kazi hiyo Starling ndiye aliyeanza kutumia neno homoni mwaka wa 1905. Lakini ukumbini siku hiyo walikuwepo wanawake wawili kutoka Uswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, waliokuwa wakiandika kila kitu kwenye daftari. Waliandika kwamba mbwa huyo alikuwa na kidonda cha upasuaji wa awali, na kwamba alikuwa akijikukurusha, yaani dawa ya usingizi haikumshika. Sheria ya Uingereza ya 1876 iliruhusu majaribio ya namna hiyo kwa masharti, na mambo hayo mawili yalikuwa yakigusa masharti yenyewe.

Bayliss alikana. Stephen Coleridge, wakili aliyeongoza chama cha kupinga upasuaji wa majaribio, alimshutumu hadharani, Bayliss akamshtaki, na baraza la wazee wa mahakama likampa Bayliss ushindi na fidia ya pauni 2,000. Ungedhani yameisha. Mwaka wa 1906 wapinzani wakasimamisha sanamu ya mbwa huyo Battersea, mtaa wa wafanyakazi, na Desemba 1907 wanafunzi wa udaktari wakafurika mitaani London kutaka kuivunja, wakapigana na polisi hadi Trafalgar Square. Waliokuja kuilinda sanamu walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi na wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Si ajabu. Mtu ambaye mwili wake huamuliwa na wengine anamwelewa haraka mbwa aliyefungwa mezani. Machi 1910 baraza la mji likachoka na gharama za kuilinda, likatuma vibarua usiku chini ya ulinzi wa polisi wakaing'oa. Nyingine iliwekwa mwaka wa 1985 katika bustani ya Battersea.

Ukisoma kesi hiyo yote, kurasa kwa kurasa za mabishano, kitu kimoja hukipati: jina la mbwa. Ni mbwa wa kahawia tu.

Toronto, 1921. Frederick Banting na Charles Best, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza digrii, walikuwa wakitoa kongosho za mbwa ili wapate kisukari, kisha wakiwadunga maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho nyingine kuona kama sukari itashuka. Walikufa wengi, na kwenye daftari walikuwa namba. Mmoja aliishi kiasi cha siku 70 kwa sindano hizo, na huyo akapewa jina: Marjorie. Mwishowe walimuua, ili waone ndani kama kongosho lilikuwa limetolewa lote. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari, akawa binadamu wa kwanza kudungwa insulini hiyo. Banting na wenzake waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola 1 kila mmoja.

Halafu kuna Vivien Thomas. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo hadithi kama yake huniingia haraka kuliko inavyofaa, lakini wacha niieleze. Thomas alikuwa kijana mweusi wa Nashville, Marekani, fundi seremala, aliyeweka akiba ili asome udaktari. Uchumi ukaanguka, benki ikafa na pesa zake. Mwaka wa 1930 alipata kazi kwenye maabara ya daktari mpasuaji Alfred Blalock, akiandikishwa na kulipwa kama mfagiaji huku akifanya kazi ya mtafiti. Mwaka wa 1941 Blalock alipohamia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alimchukua Thomas.

Pale Daktari Helen Taussig aliwaletea tatizo la watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo iliyowafanya wawe na rangi ya samawati, kwa sababu damu yao haikupita vya kutosha mapafuni. Thomas ndiye aliyekaa maabarani. Kwanza ilibidi aitengeneze hali hiyo ndani ya mbwa mzima, kisha aitafutie dawa, kwa kuuchukua mshipa wa damu unaokwenda mkononi na kuuunganisha na ule wa mapafu. Alitumia mbwa wapatao 200. Vifaa vya kushonea mishipa midogo namna hiyo ilibidi vibuniwe. Wa kwanza kuishi kwa muda mrefu baada ya upasuaji alikuwa jike, na huyo tunalo jina lake: Anna.

Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto Eileen Saxon, mwenye umri wa miezi 15, aliingizwa chumba cha upasuaji. Blalock ndiye aliyeshika kisu. Nyuma yake, juu ya kigoda, alisimama Thomas akimwelekeza sindano ipite wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyeufanya upasuaji huo mara nyingi, na Blalock aliufanya mara moja tu, Thomas akiwa kando yake. Eileen aliishi miezi kadhaa tu. Waliofuata wakapona, kwa maelfu. Thomas alisubiri hadi 1976 kupewa shahada ya heshima. Picha ya Anna ilitundikwa ukutani pale hospitalini.

Naliona jambo moja katika visa hivi. Maabara ndiyo mahali ambapo wazo la si ununue mwingine lilifikishwa mwisho kabisa: mbwa akifa, leta mwingine, namba inayofuata. Na hata pale, kwa watu waliokuwa na kila sababu ya kutowazoea, mbwa aliyebaki siku nyingi alitoka kwenye namba akaingia kwenye jina. Ukimhudumia kiumbe kila asubuhi, hawezi tena kuwa balbu. Kuhusu shangazi na foleni yake, hiyo ni kesi ya serikali na hospitali zake, na ni kesi nzito. Lakini mbwa hajamwibia shangazi nafasi. Kama moyo wake utafunguliwa na kushonwa, mikono itakayofanya hivyo imerithi kitu kutoka kwa Anna.

Kwetu tuna mbwa koko anayeitwa Sheba. Alikuja akiwa mtu mzima tayari, akalala kwenye mlango wa jikoni, akakataa kuondoka. Anakadiriwa miaka kumi. Mwaka jana alipona homa ya kupe, masikio yake hayajawahi kutulia, halafu akaanza kunywa maji kama lori na kukonda huku akila. Kisukari. Tulimdunga insulini asubuhi na jioni lakini sukari ilikataa kushuka, na daktari akatueleza sababu: kwa jike ambaye bado ana kizazi, homoni zinazopanda baada ya joto huizuia insulini kufanya kazi. (Homoni, neno la Starling.) Ilibidi kizazi kitolewe, pamoja na uvimbe wa vidole viwili uliokuwa kwenye matiti. Akasema wazi kwamba mbwa wa umri huo, mwenye sukari ya juu, anaweza kulala kwa dawa ya usingizi asiamke. Na akasema tusipofanya, tutamwona akiisha taratibu. Bei ilizidi kodi yetu ya mwezi. Mama alinyamaza, akaenda chumbani, akarudi na simu ameshaanza kuandika namba ya M-Pesa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nje karibu saa tatu nikisoma juu ya Toronto, kwa sababu kusoma ndiyo njia pekee ninayojua ya kusubiri. Daktari alikuwa msichana wa rika langu aliyesomea Kabete. Alitoka akiwa amelowa jasho, akasema moyo ulikuwa umepungua kasi mara moja ukarudi. Uvimbe ulipelekwa maabara. Majibu yalisema ni ule mbaya, ila umetolewa wote.

Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Sukari imeshuka, ingawa sindano zinaendelea. Macho hayakuokoka, yamefunikwa na mtoto wa jicho yote mawili, kama inavyowapata mbwa wengi wenye kisukari, na sasa anaijua nyumba kwa pua na kwa kugonga kiti kile kile kila siku. Hakuna aliyetuahidi miaka.

Mama naye ana kisukari, huu mwaka wa nane. Daktari alipoandika insulini ya Sheba ikawa ni aina ile ile anayotumia yeye, ile nyeupe kama maziwa unayoiviringisha kiganjani kabla ya kuivuta, vipimo tu ndivyo tofauti. Chupa zote mbili zinakaa kwenye mlango wa friji, karibu na mayai. Ili wasichanganyiwe, Mama ameandika kwa kalamu nzito kwenye moja MAMA, na kwenye nyingine SHEBA.